Samli Aliyoionja Ruku

Uyole, Mbeya.
28 Agosti, 1957.

Mpendwa wifi yangu Jamna,

Kamwene, wifi. Najua utatabasamu ukiisoma salamu hii ya kwetu, maana ulipokuja kututembelea ulijaribu kuiitikia kwa Kihehe ukashindwa, na kaka yako akacheka mpaka akaweka mizani chini. Natumaini barua inakukuta mzima, na lile goti lako limetulia sasa kwenye joto la Tanga. Shemeji bado anakohoa asubuhi? Mwambie aache kulala dirisha likiwa wazi, ingawa najua hatasikia. Na watoto wako je, wote wazima?

Sisi hatujambo kwa kadiri. Baridi ya mwaka huu imekuwa kali, asubuhi majani yanakuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi, na viazi vya bondeni vimeungua vyote. Libe alipata surua lakini imepita, sasa anatembea akishika ukuta na kuvuta kila kitu kilicho mezani. Ng'ombe bado anakamuliwa. Mimi nimechoka, wifi, sikufichi. Nalala nimechoka na kuamka nimechoka, lakini huo ni uchovu wa kila mwanamke mwenye watoto na asiye na mume, sikuandikii kwa ajili yake.

Fedha na kile kitambaa cheupe ulichotuma kwa ajili ya Maharaji, mwalimu wa Ruku, vilifika salama, ahsante sana. Najua ulingoja nikuambie mambo yalivyokwenda, na mimi nikanyamaza tangu Julai. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na mama yangu alinikataza tangu nikiwa mdogo kushika kalamu nikiwa na hasira. Nimengoja iishe. Haikuisha. Na sasa mwezi wenu wa kuwakumbuka wafu umekaribia, nawe utakuwa unamngoja Ruku aimbe. Kwa hiyo lazima ujue.

Unakumbuka kaka yako alivyotaka. Alipokuwa kitandani, kifua kimembana, Libe bado tumboni mwangu, aliniambia, "Sina mtoto mwingine wa kuniimbia. Ruku afundishwe." Mimi sikubisha. Mimi ni mtoto wa misheni, nimefundishwa katekisimu na masista hadi darasa la nne, nami najua mtu anayekufa anataka kusikia lugha gani. Padri alininyima komunyo kwa ajili ya kaka yako, na watu wenu hawakutuzungusha moto wa ndoa. Hatukuwa wa huku wala wa kule. Lakini kila alfajiri, kabla ya kufungua duka, alikaa juu ya gunia la chumvi akaimba nyimbo za Mungu wake, na Ruku mapajani akishika mdundo kwa kupiga kopo. Nikasema moyoni, basi hizo ziwe urithi wa mtoto, maana duka lenyewe wenye mali waliotukopesha walikuja wakalibeba kabla hatujamaliza arobaini.

Nilipompeleka kwa Maharaji mara ya kwanza, nilimwuliza ada ni kiasi gani. Alicheka kwa upole. Alisema kwao elimu ya Mungu haiuzwi, mwalimu hatoi bei. Mwanafunzi hutumika tu, na siku ya mwezi mpevu wa Julai huja mbele ya mwalimu na zawadi yake, chochote alicho nacho, akaiweka kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu akiipokea, maneno aliyofundishwa yanakuwa yake. Asipoipokea, yanabaki kuwa ya kuazima, na mtu hamwimbii baba yake maneno ya kuazima. Nilifurahi siku ile, wifi. Nilirudi Uyole nikimwambia jirani yangu Ikupa kwamba nimepata shule isiyo na ada.

Ikupa akaniambia, "Mwenzangu, kisicho na bei ndicho kitakachokumaliza. Chenye bei unalipa unakwenda zako."

Nilimwona mwanamke wa maneno. Sasa nasema alijua.

Watu wenu hawana hekalu hapa, watoto hufundishwa katika ghala la tajiri mmoja mjini, nyuma ya magunia ya mchele wa Rujewa. Kila siku ya masomo tuliamka gizani, nikakamua, tukashuka mjini, Libe mgongoni na Ruku amebeba kopo la maziwa ya Maharaji. Maziwa yaliyochemshwa alisema tusilete, kilichopikwa na mkono wangu yeye hali, lakini maziwa mabichi yanapokelewa. Nikayapeleka mabichi. Alitaka maua ya njano ya kuweka mbele ya picha, nikapanda maua mahali pa maharage. Wenzake Ruku walikaa mbele kwenye mkeka. Yeye alikaa karibu na mlango, palipovuliwa viatu. Nikiuliza, naambiwa ni kwa sababu amechelewa kuanza. Wakaja wengine baada yake, wakakaa mbele.

Lakini mtoto alijifunza. Hili nataka ulijue vizuri kabla ya lile jingine. Alijifunza kuliko wote, kwa sikio tu. Nyumbani alimwimbia ng'ombe wakati nakamua, na ng'ombe akatulia. Mke wa tajiri alitoka siku moja nimekaa nje namnyonyesha Libe, akasikiliza, akaniambia, "Mama Ruku, toto yako ina sauti kama kengele. Bahati mbaya." Sikumwuliza bahati mbaya ya nini. Nilijifunga kanga vizuri nikatazama barabara.

Wimbo alioupenda kuliko zote alinisimulia maana yake njiani. Ni juu ya mwanamke maskini wa porini, mtu duni asiyeingia kwenye nyumba za wakubwa, ambaye alisikia Mungu atapita kwake. Hakuwa na kitu ila matunda madogo ya mwituni. Akawa anayaonja moja moja, lililo kali analitupa, lililo tamu analiweka. Mungu alipofika akampa yale aliyoyauma, na Mungu akala yote akafurahi. Maharaji alipowafundisha wimbo huo, anasema Ruku, alilia machozi. Mimi niliupenda pia. Nilimwambia Ruku, huyo mama wa porini ni Mhehe.

Nisikucheleweshe. Ulipotuma kitambaa, mimi nikaona si haki mtoto apeleke cha shangazi peke yake. Maharaji alisema cha mkono wake mwenyewe. Ruku mwenyewe akasema atapeleka samli. Akakusanya malai ya maziwa kidogo kidogo, akasukasuka kibuyu mpaka mikono ikamvimba, mimi nikaipika ikawa safi, ya rangi ya dhahabu, tukaitia kwenye kopo jipya lenye kifuniko. Nilimwuliza Maharaji mapema kama samli yangu inafaa, akasema samli haina neno, samli ni safi hata ikitoka kwa nani. Nilihakikisha, wifi. Usiseme sikuhakikisha.

Siku yenyewe tulioga maji ya baridi alfajiri, nikampaka mafuta, nikamvika gauni lile la bluu ulilolileta wewe, nimelishusha pindo. Ghala lilijaa watu. Watoto wakaitwa mmoja mmoja, wakainama, wakaweka nazi, wakaweka nguo, Maharaji akagusa kila kitu kisha akagusa kichwa cha mtoto. Ruku akaitwa wa mwisho. Akaenda taratibu, akapiga magoti kama tunavyopiga sisi, magoti yote mawili. Akaweka kitambaa chako na bahasha yako. Maharaji akavigusa. Kisha akafungua kopo la samli, akachovya kidole, akalamba, akalisogeza kopo mbele kwa mikono miwili.

Wewe umekula nyumbani kwangu, unajua kwa nini. Kwetu humpi mtu mkubwa kitu cha kinywani bila kuonja wewe kwanza mbele ya macho yake. Ni kutoa uchawi. Ni kumwambia, tazama, kama kuna ubaya humu uanze na mimi. Mama yangu alimfundisha Ruku hivyo kabla hajajua hata kutamka jina lake, na wewe mwenyewe nilipokuletea uji uliniona naonja, ukashtuka, kaka yako akakueleza, ukanywa. Ulikunywa, wifi. Mimi sikusahau hilo.

Pale ghalani watu walivuta pumzi. Mwanamke mmoja alifunika mdomo kwa nguo. Maharaji alirudisha mkono wake kifuani kama mtu aliyeungua. Yule tajiri mwenye ghala ndiye aliyesema, na alisema Kiswahili ili nami niliye mlangoni nisikie. Alisema, "Ndiyo haya niliyowaambia. Ametia mate. Damu haifundishiki."

Mimi niliingia. Sikuwahi kuingia siku zote zile, lakini siku ile niliingia, viatu nikaacha, adabu nilikuwa nayo bado. Nikapiga magoti karibu na mtoto nikamwambia Maharaji, "Baba, mtoto hakukosa. Kwetu ndiyo heshima. Wewe mwenyewe umemfundisha wimbo wa yule mama aliyeonja matunda." Nilidhani nimemkumbusha jambo. Nilidhani atacheka kwa upole kama siku ile ya kwanza.

Alinitazama, na ninakwambia kweli, macho yake hayakuwa mabaya. Yalikuwa macho ya mtu anayetazama walio nyuma yangu. Akasema, "Ule ni wimbo, mama."

Basi. Hayo tu. Tajiri akamwita mtumishi wake alitoe kopo nje kwa kulisukuma na fagio, asiliguse. Nikalichukua mwenyewe. Kitambaa kilibaki. Bahasha ilibaki. Nilipouliza kama Ruku basi amehesabiwa kuwa ametoa, nikajibiwa kwamba kitambaa na fedha vimetoka Tanga, kwa shangazi wa mtoto, na baraka yake itakwenda Tanga. Mtoto mwenyewe hajatoa kitu. Kwa hiyo mwezi wa wafu asije kuimba. Mwakani labda, akishafundishika.

Umeelewa, wifi? Vyako vimepokelewa. Kilichokataliwa ni cha mkono wake tu. Maziwa yangu ya siku zote zile yalinyweka. Maua yangu yalinukia. Walipokea kila kitu kilichotoka kwangu mpaka ilipofika siku ya kumpokea mtoto.

Njiani Ruku hakulia. Tulipofika karibu na soko la Uyole akaniuliza, "Mama, sasa nyimbo nizirudishe?" Nikamwambia haiwezekani kuzirudisha. Akasema, "Basi nimeziiba." Nikamwambia nyamaza, na niliposema hivyo sauti yangu ilikuwa mbaya, akanyamaza kweli. Tangu siku ile hajaimba. Namsikia asubuhi anafagia, midomo imefungwa, kopo la baba yake limening'inia ukutani. Ikupa anajaribu kumchokoza, anamwambia, "Ruku, mwimbie ng'ombe wako basi, naye si Baniani, hatauliza mate ya nani." Mtoto anatabasamu kwa adabu na kuendelea kufagia.

Hapo ningeweza kuvumilia. Nimevumilia mengine. Nilisema muda utapita. Kilichonifanya nishike kalamu ni kilichotokea Kihesa.

Katikati ya mwezi huu niliwapeleka watoto Iringa, Kihesa kwa mama yangu, tupumzike kidogo. Mama alifurahi kama kawaida, akamkagua Libe meno, akaniambia nimekonda kama mwiko. Jioni nikamwambia Ruku ampelekee bibi yake togwa. Akaleta kibuyu, akapiga magoti, akamwekea mbele, akarudi nyuma. Hakuonja.

Mama alingoja. Ruku naye alingoja, mikono nyuma. Mama akasema, "Mjukuu wangu, umesahau." Ruku akasema hapana. Mama akasema, "Basi onja." Ruku akatikisa kichwa. Alisema taratibu kabisa, "Nikionja kitachafuka, bibi. Nina mate."

Mama yangu ni mzee, wifi, na ana mambo ya wazee. Hakumpigia kelele. Alikitazama kile kibuyu muda mrefu, kisha akakisogeza pembeni na kiganja. Aliniambia mimi, si mtoto, "Damari Kalinga, mimi sinywi kitu ambacho mletaji amekiogopa. Nani amemfundisha hivi?" Akalala bila kunywa. Hakutaka ubaya, ila mkono wake ulikataa tu, kama ule mkono wa Maharaji.

Ruku aliona. Mara mbili katika majira mamoja mtoto amepeleka kitu cha heshima na mara mbili kimesukumwa. Mara ya kwanza kwa sababu alionja. Mara ya pili kwa sababu hakuonja. Niambie wewe uliye mkubwa, huyu mtoto ale kwa nani na ampe nani? Alikuja usiku akalala miguuni kwangu kama alivyokuwa mdogo, na mimi ndiye niliyelia, nimeuma kanga Libe asiamke.

Kwa hiyo nimekata shauri, nakwambia bila kukuficha. Ruku harudi kule ghalani. Usitume tena kitu kwa Maharaji kwa jina langu, wala mwakani, wala mwaka mwingine. Maua nimeyang'oa, nimerudisha maharage. Maziwa nauza kwa madereva wa malori, wanalipa na kusema ahsante, na kama wanayachemsha au hawayachemshi si kazi yangu. Na lile ulilodokeza kwenye barua yako, kwamba nimlete Tanga akakae kwenu afundishwe vizuri na watu wa kwenu, nimelifikiri kwa heshima. Jibu ni hapana. Simpeleki mtoto wangu mahali pengine akakae karibu na viatu. Usiudhike. Ningekuwa na hakika na nyumba nzima kama nilivyo na hakika na wewe, ningefikiri tena.

Sijasema vibaya juu ya Mungu wenu. Kaka yako alimpenda, na katika nyumba ile ya gunia la chumvi sikuona ubaya wake. Nasema juu ya watu tu. Wa kwangu pia wamo. Padri wetu alikubali kumbatiza Libe baba yake alipokwisha kufa, akaniambia sasa mambo yamerahisika. Nilitamani kumtupia maji yale ya ubatizo usoni.

Sasa sikiliza ninachokuomba, ni kimoja tu.

Eliezeri, dereva wa lori ninayemwuzia maziwa, anashuka Dar es Salaam kisha Tanga, na ndiye anayekuletea barua hii. Pamoja nayo nimempa kopo. Ni samli ile ile. Sikuila, sikuiuza, wala sikuimwaga, baridi yetu imeitunza. Kama joto la njiani halijaiyeyusha, ukifungua utaona juu yake shimo dogo, sikulisawazisha. Ni kidole cha Ruku.

Uliniambia mwenyewe, siku ulipombeba hapa Uyole na kumwita Rukmini, kwamba kwenu mtoto hupewa jina na shangazi, si baba wala bibi. Wewe ndiye uliyemtoa kwa watu akawa mtu. Basi nafikiri unatosha kuwa wa kumpokelea pia. Mwalimu alikataa, lakini aliyetaka nyimbo zile hakuwa mwalimu, alikuwa kaka yako, na ndugu wa damu yake ninayemjua mimi ni wewe. Mkae mezani muile, wewe na shemeji na watoto, au uitie kwenye taa mbele ya picha zenu, sijui ipi ni heshima kubwa zaidi. Ukishindwa, sitakulaumu kwa maneno. Najua una majirani, una mama mkwe, na kuna watu nyuma yako wa kutazamwa.

Barua ndefu usiniandikie. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, lakini safari hii nakuomba uvunje desturi yetu. Eliezeri atapita kwako akirudi. Mpe kopo. Likija tupu, nitamwambia Ruku shangazi yake amekula, na nitamtungulia lile kopo la baba yake kutoka ukutani kabla mwezi wa wafu haujapita. Likija limejaa, nitaelewa, na yeye hatajua kwamba lilifika kwako.

Nisalimie shemeji, mwambie ile kofia yake ya sufu bado ninayo. Wasalimie watoto wote, hasa yule mdogo aliyemwogopa ng'ombe wetu. Mama yangu Juliana wa Kihesa anakusalimu, tangu siku ile hana raha na anauliza habari za Ruku kila lori linapopita. Ikupa anakusalimu, anasema bado anasubiri bangili ulizomwahidi. Libe hakujui, lakini anakusalimu kwa meno yake manne.

Mungu wa kaka yako na Mungu wa mama yangu, kama wanasemezana, wakulinde wewe na nyumba yako, na wakuchunge na goti lako.

Ni mimi wifi yako nisiyeacha kukupenda hata nikikasirika,

Damari Kalinga,
mama wa Rukmini na Liberatus.